Goti la Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Siwezi kukaa. Nimekaa, nimesimama, nimechemsha chai, nimeisahau, imepoa. Nimechemsha nyingine. Mama anasema nikiendelea kuzunguka hivi nitaitoboa sakafu, na fundi wa sakafu nitamtafuta mwenyewe.

Leo tumeunga mguu wa bandia wa kwanza wa shehena. Mguu mzima, kuanzia kikombe hadi unyayo! Vipande vimetoka madawati tofauti, kwa watu ambao wengine hata hawasalimiani vizuri, na vimeingiana. Klik. Klik. Klik. Hata Twiga alicheka, na Twiga huwa hacheki kazini. Twiga ndiye mwenye goti. Ni mrefu, kila akipita mlangoni anainama, na kila akikosolewa ananuna.

Ndivyo tunavyofanya kazi pale. Kila mtu na kipande chake. Twiga ana goti na programu yake. Yupo wa unyayo, yupo wa bomba, yupo wa betri. Kikombe ni kile kinachovaliwa kwenye kigutu, kinamwagwa kwa umbo la mtu mmoja tu, hicho hakina cha kuazimana. Mimi ni kiungio. Kile chuma cha duara chenye pini nne kinachoshikanisha kikombe na goti, umeme upite, habari zipite. Ukimwambia mtu kazi yako ni kiungio, anasubiri umalizie sentensi.

Sharti letu ni moja: usifungue boksi la mwenzako. Mnakubaliana pale mnapokutana, vipimo, umeme, ujumbe gani unapita kwenye pini ipi. Ndani ya boksi lake kila mtu ni mfalme. Ndiyo maana goti likifa unalitoa, unachomeka lingine, mtu anaondoka zake anatembea. Bosi anawaambia wageni: chochote kinaingia popote. Sentensi hiyo ni yangu! Niliisema mimi kwanza, kwa majivuno, mdomo umejaa mkate.

Shehena inaondoka Ijumaa ya wiki ijayo, inakwenda kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Ni kazi ya miaka yangu yote mizuri. Nifurahi basi. Mbona roho haitulii?

Jumanne, 4 Machi

Simu kutoka shuleni. Mdogo wangu ameanguka.

Sikumbuki nilivyofika hospitali. Nakumbuka nilivaa koti la mtu mwingine, sijui la nani, bado liko hapa kitini.

Alikuwa anashuka ngazi kutoka darasani, shule ndiyo kwanza imefunguliwa leo, madaftari kifuani, watoto nyuma yake. Goti lake la bandia likagoma. Kapaa. Nyusi imepasuka, wameishona. Jino la mbele limemeguka pembeni. Yeye anacheka! Ananiambia leo amewafundisha mteremko kwa vitendo, na hakuna mtoto atakayesahau. Ni mwalimu wa hesabu, utani wake ndio huo. Lakini mkono wake ulikuwa umeushika wangu, na haukuuachia. Nikajifanya sijaona.

Nikamwuliza goti lilifanyaje. Halikujikunja, dada. Lilisimama wima kama askari. Ngazi hizo hizo amezishuka mwaka mzima kwa goti hilo hilo! Yeye ni mtembeaji wetu, yaani mmoja wa wale wanaovaa mguu wetu katika maisha yao ya kila siku, kisha wanauleta tuukague. Mguu ni wa kampuni. Akiacha kuwa mtembeaji, unarudi.

Akasema labda aliteleza. Kisha akasema labda alikuwa na haraka. Kisha akaomba maji. Mimi namjua huyu tangu ana meno ya utoto. Akikupa sababu mbili za kosa moja, jua ipo ya tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Niliupeleka mguu wake kazini jana. Kila mwenye kipande amepima cha kwake. Unyayo safi. Bomba safi. Betri safi. Goti, Twiga kalipima mara mbili mbele yangu huku amenuna, safi. Kiungio changu pini zote zinashika. Jamani! Vipande vyote havina kosa, na mtu kapasuka uso.

Bosi kaja, kasikiliza, kasema basi kijana ameteleza, mpe pole yake, tuendelee. Si mtu mbaya. Ana watu wanaosubiri miguu, na simu yake haiachi kulia. Alinigusa bega.

Ila mimi sikuendelea. Goti letu hujifunza. Ukilivaa, linasoma uzito wako na mwendo wako, linajua wakati wa kukaza na wakati wa kulegea. Nikamwomba Twiga anionyeshe limejifunza nini. Akageuka polepole kama mtu aliyeombwa mswaki wake. "Unataka kufungua boksi langu?" Nikamwambia nataka kuchungulia tu. Alinipa, lakini alisimama nyuma yangu, namsikia anapumua kwa juu huko.

Hatua za tambarare ni zake. Ndefu, za haraka, anavyotembea tangu zamani, kama anafukuza basi. Nikafungua za ngazi.

Hatua fupi. Nzito. Mguu unashuka, mwingine unaufuata pale pale, inapumzika, ndipo inaendelea. Hiyo si hatua ya mdogo wangu! Mdogo wangu hajawahi kupumzika kwenye ngazi hata siku moja, hata baada ya ajali iliyomkata mguu.

Na hatua ile naijua ya nani. Ni ya Fundi Cherehani, mtembeaji wetu mwingine. Mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha jengo, anashuka kama aliyebeba mayai. Nimeitazama ile hatua miezi mingapi.

Twiga akauliza nimeona nini. Nikafunga laptopu. "Sijaona kitu." Nilisema hivyo, kwa sauti yangu ya kawaida kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Cherehani. Duka lake ni chumba kimoja, mlango mpana, sare za shule zimening'inia mpaka usoni, unazipita kama unapita umati. Yeye yuko nyuma kule anakanyaga cherehani. Ya miguu, si ya umeme. Aliponiona tu akaacha kukanyaga.

"Umekuja kwa ajili ya goti," akasema.

Sikuwa nimefungua mdomo.

Akanieleza, mwanzo kwa kicheko, baadaye bila. Kipindi cha likizo goti lake lilikuwa linalia, kriki kriki, kila hatua. Alilileta kwetu, tukamwambia asubiri kipuri. Na sare zilitakiwa zifike stoo ya shule kabla ya kufungua, na stoo iko ghorofani, mafurushi kwa mafurushi. Mdogo wangu, aliyepita shuleni kuchukua mitihani, akamwona anahangaika ngazini. Likizo ile yeye alikuwa nyumbani anasahihisha mitihani kitandani, anatosheka na magongo. Akamwambia, mama, chukua langu. Fundi akakataa. Akamwambia magoti yote ni sawa, dada yangu ndiye aliyeyatengeneza, anasema chochote kinaingia popote.

Aisee. Maneno yangu yamenirudia kwa mdomo wa mtu mwingine, ndani ya duka la sare, sikujua niangalie wapi.

Siku za kwanza lilimkimbiza. Akishuka, linalegea mapema, linataka kumrusha, ikabidi ashike chuma cha ngazi kwa mikono miwili huku furushi kalitia mgongoni. "Baadaye likanizoea, mwanangu. Likawa tamu." Jumatatu jioni lake likawa limepona, akarudisha la kuazima. Mdogo wangu akatembea uani, akaona liko sawa, akamshukuru Mungu na akaenda kulala. Asubuhi yake akashuka ngazi.

Goti lilikuwa linamsubiri yule mama. Uzito ule haukuja, basi likakaa limekaza.

Kosa lenyewe ndilo hilo. Na kwa masharti ya watembeaji, hakuna kuazimana kipande. Ukiazimana, unatolewa, mguu unarudi. Wote wawili walisomewa, wote wawili walisema ndiyo.

Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono. "Usinitaje, mwanangu. Nikirudi kwenye magongo, hii cherehani nani ataikanyaga?" Nikasema sawa, mama. Nimesema sawa kama mara nne. Nilipofika nje nikagundua nimeondoka na mkasi wake.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu kaja kula. Mguu wake alirudishiwa jana. Twiga amefuta yale goti liliyojifunza ili lianze upya, si kwamba aliona sababu, ila hakutaka lawama. Mama kamtazama nyusi, kamtazama jino, kamwongezea chakula mpaka sahani ikainama. Hajaambiwa zaidi ya kuteleza.

Tukatoka uani, kisingizio ni kuanua nguo. Nikamwambia najua. Akachukua shuka upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaikunja bila kutazamana.

"Fundi kakuambia?"

"Goti limeniambia."

Akacheka kidogo, akaziba jino kwa ulimi. Siku hizi anafanya hivyo.

Nikamgombeza. Nikamwita mjinga, mpumbavu, kichwa maji, na mengine ya utotoni ambayo sikujua bado ninayo. Akaniacha nimalize. Halafu akasema: dada, bila huu mguu nitafundisha nimekaa. Darasa langu liko juu. Watanishusha, watanipa stoo ya vitabu, nitagawa rula. Nilikaa mwaka mzima nimekaa, unakumbuka? Nakumbuka. Alikuwa hafungui pazia. Mama alikuwa anaongea na mlango.

"Usimwambie bosi wako," akasema. "Kwani kuna wengine watakaobadilishana magoti? Wajinga ni sisi wawili tu. Tumekoma."

Nikashusha pumzi. Kweli! Wajinga ni wawili tu, na wamekoma. Tutaweka stika kwenye boksi: goti lisiazimwe. Yameisha. Nimekula sahani ya pili.

Jumatatu, 10 Machi

Hayajaisha.

Nilikwenda chumba cha kufungashia kupeleka stika zangu. Makreti yamepangwa, jamaa wanapigilia. Nikaona vikombe, safu kwa safu. Nikatafuta magoti. Nikahesabu, nikahesabu tena. Vikombe arobaini. Magoti kumi na tano.

Nikakimbia kwa Bosi. Nikasema kuna kosa, magoti hayatoshi. Akatabasamu kama aliyekuwa anasubiri nimuulize. "Huo ndio uzuri wenyewe! Kila mgonjwa ana kikombe chake. Magoti wanapokezana. Asubuhi huyu, mchana yule. Wewe si ndiye uliyetufundisha?" Kituo kimekubali kwa sababu hiyo. Wangetaka magoti arobaini, wangesubiri miaka.

Miguu yangu ikafa ganzi. Miguu yangu mizima, yote miwili.

Nikauliza kama tumejaribu kupokezana. Twiga akaitwa. Tumejaribu mara kibao, akasema, goti linamzoea mtu mpya kwa hatua chache tu. Wapi? Hapa koridoni. Na ngazi? "Ngazi gani? Tuna lifti."

Na ni kweli! Koridoni linazoea haraka. Hatua za ngazi linajifunza kando, kwa wiki mbili hivi, na halizisahau mpaka lifundishwe upya na ngazi zenyewe. Hakuna aliyeuliza. Twiga alidhani mwenye majaribio atapima ngazi. Mwenye majaribio alidhani ngazi ni mambo ya ndani ya boksi la Twiga. Mimi nilidhani umeme ukipita kwangu basi.

Nikasema, basi goti lifute kila likichomolewa. Twiga akanijibu, na safari hii hakununa, alinijibu vizuri tu. Mtu anavua mguu akienda kulala, akioga, akichaji. Likifuta kila mara, kila asubuhi ni goti jinga. Na likichomekwa tena, halina namna ya kujua kama aliyelivaa ni yule yule. Ni kweli. Kinachomjua mtu ni kikombe. Mwendo wa mtu ukae kwenye kikombe chake, goti likija lisome pale, lijue leo niko na nani. Ni rahisi kuelewa hata kwa Mama! Lakini kikombe hakina pa kuutunza mwendo, na habari yake haina pa kupita. Inataka pini ya tano. Kwenye kiungio. Kwangu.

Nikalisema. Bosi akauliza miezi mingapi. Nikasema mitano, sita. Akavua miwani. "Kuna watu arobaini wanatembelea magongo, wameshaambiwa ni Ijumaa. Niwaambie nini? Kuna aliyeanguka kwa kupokezana?"

Hapo ndipo pa kusema. Pale pale. Neno moja.

"Wasiwasi wangu tu," nikasema.

"Wasiwasi si kipimo," akasema Bosi, bila ukali. Tutajaribu ngazi baada ya shehena, akaahidi, na akaandika kwenye ubao kabisa. Stika zangu alizipenda. Akasema zibandikwe, ila maneno yabadilishwe, yasitishe watu.

Jumanne, 11 Machi

Kucha zimeisha, sasa natafuna kofia ya kalamu.

Nimemwandikia Bosi ujumbe. Nikaufuta. Nikaandika mwingine mfupi zaidi, kwamba nina jambo. Nikaufuta. Jambo gani? Atauliza. Nikisema kuna aliyeanguka kwa ajili hiyo, atasema nani, na nani mwingine alilivaa. Watembeaji wenyewe ni wachache, hata kipofu atawatambua.

Najaribu kupiga hesabu. Upande huu watu wawili ninaowajua kwa majina yao na kicheko chao. Upande ule watu arobaini nisiowajua. Kila nikipiga, inatoka jibu lile lile, na kila mara naanza tena toka mwanzo.

Twiga kanipa biskuti. Anaona siko sawa. Ala, hata yeye!

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda shuleni, nimemsubiri mdogo wangu chini ya ngazi. Kengele ikalia, watoto wakamiminika, halafu yeye. Anashuka polepole, mkono mmoja kwenye chuma, goti linajifunza upya. Watoto wawili wanamtangulia kwa kurudi nyuma nyuma, mikono wazi, eti watamdaka. Wadogo kama vifaranga! Kawaambia wakimdaka atawaongezea alama.

Uso wake ulikuwa unang'aa. Ndipo nikamwambia. Vikombe arobaini, magoti kumi na tano, asubuhi huyu mchana yule. Nilimwambia yote, nikamtupia kaa la moto mikononi, kwa sababu nilichoka kulishika peke yangu. Ndiyo ukweli.

Akaketi kwenye ngazi ya chini. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

"Kituo chenyewe kina ghorofa?"

Kina. Nilishaangalia.

"Bosi anajua?"

"Hajui."

Mtoto mmoja akaja kuuliza kitu cha sehemu na desimali, akamjibu vizuri, mtoto akaenda. Kisha akasema: "Dada, wewe fanya unavyoona."

Afadhali angenitukana. Nikamwambia sisemi. Nilisema kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyekuwa ananilazimisha kusema. Sisemi, umenisikia? Sikurudishi kwenye kile chumba. Wale watatumia stika, wataambiwa washike chuma, ni watu wazima. Mimi ndugu yangu ni mmoja.

"Haya," akasema. Hakunishukuru.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala na nguo. Nimeamka nimechoka. Kazini makreti yote yamefungwa isipokuwa moja. Mama ameuliza kama ni mwanaume. Ningefurahi kweli angekuwa mwanaume.

Mdogo wangu hapokei simu tangu jana jioni. Fundi Cherehani naye hapokei. Ana mteja, labda.

Ijumaa, 14 Machi

Niko chooni kazini. Nimekaa juu ya kifuniko, daftari gotini. Naandika haraka, sijui kama nitaweza kuyasoma haya.

Kwanza kikao. Tuna desturi yetu: shehena haitoki mpaka tusimame kuzunguka meza ndefu, mguu mmoja umelazwa katikati, na kila mwenye kipande aweke mkono juu ya kipande chake na kusema neno moja. Salama. Tunaanzia unyayo, tunapanda. Hakuna karatasi. Bosi anasema mtu anaweza kusaini huku anawaza mengine, lakini hawezi kuugusa mguu wa mtu huku anawaza mengine. Ukiwa na shaka, unaondoa mkono, na gari linasubiri. Haijawahi kutokea.

Unyayo, salama. Bomba, salama. Betri, salama. Twiga akaweka lile kono lake refu kwenye goti, akanitazama mimi kwanza, sijui kwa nini, akasema salama. Mimi huwa wa mwisho. Kiungio kilikuwa cha baridi. Watu wote wananiangalia, Bosi anatabasamu, simu yake kaizima kwa heshima.

"Salama," nikasema.

Sauti ilitoka vizuri. Haikukwama hata kidogo! Watu wakapiga makofi. Bosi akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba wasiwasi wangu ndio unaotufanya tuwe wazuri. Jamaa wakaanza kubeba makreti.

Nikaenda dirishani nipate hewa. Teksi ikasimama chini. Likatoka gongo. Likatoka la pili. Akatoka mdogo wangu, suti ya harusi za watu, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Nikadhani labda goti limeharibika tena. Kisha upande wa pili ukafunguka, yakatoka magongo mengine mawili, halafu Fundi Cherehani, anahema, gauni lake zuri. Dereva akazunguka nyuma akatoa miguu miwili imeviringishwa kwenye kitambaa cha sare, akawafuata nayo mlangoni, kaibeba kama watoto.

Wameivua wote wawili. Wameileta wenyewe.

Hakunipigia! Angenipigia jana, angenipigia hata asubuhi, nisingeweka mkono pale. Au ningeweka? Ee Mungu. Mimi nimeuza watu arobaini ili abaki na mguu, na yeye kauleta mguu ili mimi nisiwe na cha kuficha. Nimekasirika. Nimemkasirikia kuliko siku zote za maisha yangu, na nataka kwenda kumkumbatia mbele ya kila mtu.

Mapokezi yako upande ule wa kioo. Nimewaona wameketi kwenye benchi, miguu mapajani. Bosi akatoka kuwasalimia, amechangamka bado, akauliza kuna nini leo, mbona mmevua? Fundi akavuta pumzi, akaanza: "Mwanangu, tumekuja kukuambia habari ya goti." Bosi akaacha kutabasamu. Akawanyooshea mkono jamaa wa makreti, wasimame. Wakasimama na kreti mikononi.

Nami nikaja huku. Sikuamua, miguu ilinileta.

Nimekaa muda. Kulikuwa na sauti ya Fundi, ndefu. Sauti ya Twiga, juu, kisha chini. Sasa magongo yanakuja koridoni, naujua mwendo ule hata kwa magongo, unafukuza basi.

Amegonga. Kwa gongo, chini ya mlango, mara mbili.

"Dada. Uko humo?"

Naona ncha ya gongo na kiatu kimoja kilichong'arishwa.

"Fundi ameshasema yote. Bosi amezuia gari." Anaongea taratibu, kama anavyoongea na mtoto aliyekwama ubaoni. "Ila sasa ananiuliza kuhusu wewe. Anasema ulikuwa wa mwisho, uliweka mkono. Anataka kusikia kwangu. Nimemwambia anipe dakika."

Yuko pale. Hajaondoka.

"Dada. Niambie tu unavyotaka, mimi nitasema hivyo hivyo. Nimwambie ulijua, au hukujua?"